Darasa Walilotaka Tulifiche

Waliponiita kwenye kikao kile walijua fika kwamba nina mdomo, kwa hiyo wasinilaumu. Mimi ni Atuganile, fundi cherehani, mama yake Bupe, na mjumbe wa kamati ya shule kwa upande wa wazazi. Nusu ya sare unazoziona asubuhi zikivuka barabara kwenda Shule ya Msingi Kwa Lusungu nimezishona mimi. Ile nusu nyingine, ambayo mishono yake inaachia kabla hata ya Pasaka, imenunuliwa huko wanakojua wenyewe.

Huku kwetu ni Temeke ya ndani kabisa, kule ambako ukimwelekeza mtu anakuuliza kama bado ni Dar es Salaam. Miaka ya karibuni watu wamehamia kwa wingi. Wametoka Kipawa, Vingunguti, Mwananyamala, wamechoka kupanga, wakanunua viwanja na kupandisha nyumba zenye mageti yanayotisha kuliko mbwa wa ndani. Wana watoto, na watoto hao wanapita mbele ya shule yetu kila alfajiri ndani ya mabasi ya njano, wakisinzia, wakipelekwa kusoma shule za kulipia. Shule yetu hawaijui. Wakiitazama wanaona ukuta tu na watoto wengi.

Ndipo afisa elimu wa kata yetu, Madam Noela, akaja na wazo la Siku ya Kuwakaribisha Wazazi. Familia mpya zialikwe Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa Januari, zitembezwe, zinywe soda, ziwajue walimu na majirani, kisha zitangaziwe jambo jipya: shule inafungua darasa la kwanza la mchepuo wa Kiingereza. Wazo lenyewe sikulikataa. Mimi nani hata nikatae watoto wa watu kujua Kiingereza? Nilichokataa ni chumba.

Chumba walichokitaka ni cha kitengo. Shule yetu ina kitengo cha watoto viziwi, darasa moja lenye watoto wa umri mchanganyiko na mwalimu wao mmoja, Mwalimu Romani, kijana mpole ambaye mikono yake inaongea hata akiwa anakula. Chumba chao ndicho kizuri kuliko vyote pale. Kina vigae, kina vioo madirishani, kina feni inayozunguka kweli. Hakikuanguka kutoka mbinguni. Sisi wazazi tulisumbua ofisi za watu mpaka walinzi wakatuzoea na kutuulizia hali za nyumbani.

Bupe wangu yuko hapo. Kabla ya hapo alikuwa anashinda chini ya meza yangu ya kukatia nguo, akipanga vipande vya vitambaa kwa rangi, huku wateja wakimwita bubu mbele yangu kana kwamba na mimi sisikii. Nilikuwa naumia, nasema kweli. Alikuwa ananikazia macho mdomoni ninapoongea na watu, akikosa kuelewa anageukia ukutani. Alipofika kwa Mwalimu Romani, haukupita muhula akarudi nyumbani jioni moja, akanigusa bega, na kwa mikono yake akaniambia mchuzi wangu umezidi chumvi. Nililia kama mtoto. Mwanangu wa kumzaa alikuwa ananisema vibaya kwa mara ya kwanza maishani.

Sasa kwenye kikao, Madam Noela akasema kitengo kitahamishiwa shule nyingine, upande wa pili wa wilaya.

"Kuna gari la kuwapeleka?" nikamuuliza.

"Mama Bupe, hilo wazazi mtajipanga."

Akufukuzaye hakwambii toka. Mtoto asiyesikia honi wala breki avushwe barabara kuu na kubadilisha magari kila siku, nani atampeleka? Baba wa Bupe yuko machimboni Chunya, na mimi nikiacha cherehani hatuli. Nilijua kitakachotokea. Bupe angerudi chini ya meza.

"Na ishu nyingine," Madam akaendelea, akishika wigi yake kuiweka sawa, "hiyo Jumamosi watoto wa kitengo wapumzike tu nyumbani. Wageni ndo wanakuja mara ya kwanza, tusiwashtue."

"Washtuke nini, Madam? Wanang'ataga?"

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Erasmus, akakohoa. Huyu ni mzee wa watu, bado kidogo astaafu, na kila kinachoweza kumharibia kustaafu kwake kinampandisha presha. Akaleta lake la kusuluhisha. "Mnaonaje, waje kama wenzao, ila wakae darasani kwao, mlango tuufunge. Si watoto wa fujo wale. Hawana kelele kabisa."

Mwalimu Romani akainua uso akanitazama. Na mimi nikamtazama. Kitengo kiko mwisho kabisa wa kiwanja, kimepakana na mafundi wanaochomelea mageti, ambao toka asubuhi wanagonga vyuma. Kelele yoyote inayotoka kona ile, shule nzima inajua ni ya mafundi. Naye Mwalimu Mkuu akiingia kule watoto husimama na kumkodolea macho, kwa hiyo kimya anachokijua ni cha watoto kumwona yeye.

"Sawa, Mwalimu Mkuu," nikasema. "Mie sina neno."

Walinishangaa. Madam Noela akanishukuru kwa ushirikiano, tena mbele ya wajumbe wote. Nikaitikia ahsante.

Jumamosi ikafika. Waliweka turubai, viti vya plastiki vikavalishwa vitambaa kama harusini, na wanafunzi walioitwa kufanya usafi wakapangwa kwa urefu wakaimba. Wageni walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Nilijikuta nimekaa na mama mmoja aliyevaa baibui zuri jeusi, mweupe, mwenye mwanya wa haja kwenye meno ya mbele, amempakata binti yake ambaye viatu vyake vinawaka taa akitingisha miguu.

"Naitwa Bahiya," akaniambia. "Tumetoka Kipawa, tuna duka la vifaa vya umeme pale njia panda. Huyu Huda. Dada yangu, sikufichi, mie nimekuja kusikia habari ya hiyo English tu. Ada za mabasi ya njano zimetushinda."

"Karibu," nikamwambia. "Mie mama wa mwanafunzi." Sikumwambia wa darasa gani.

Madam Noela alisimama na kipaza sauti. Ili wageni wasisumbuliwe, alikuwa amekwenda mwenyewe kwa wale mafundi asubuhi akawaomba wazime mashine zao, na ili wasinung'unike akawapelekea kreti ya soda. Alisifu walimu. Alisifu matokeo. Akasema shule hii ni tulivu, mtoto anasoma akili ikiwa imetulia.

Hapo ndipo ngoma ilipolia.

Mwalimu Romani ana ngoma kubwa anayoilaza sakafuni. Watoto huvua viatu, wakakanyaga vigae, na mapigo wanayasikia miguuni. Kwa njia hiyo anawafundisha kuhesabu na kujumlisha. Wakipata jibu wanapiga miguu chini wote kwa pamoja, wanagonga madawati, wanacheka. Na kicheko cha mtoto asiyesikia hakina mlango. Hakuna aliyewahi kumwambia apunguze sauti, naye hajui kama anayo. Sikumwambia Mwalimu Romani awafundishe hesabu siku ile. Wala sikumwambia asiwafundishe.

Dum, dum, dum, kisha vishindo, kisha vicheko, kisha kitu kama dawati limeanguka. Viti vyote vikageuka.

"Samahanini, ni mafundi wa jirani," Madam Noela akasema.

Mafundi wenyewe walikuwa wameegemea ukuta wanatazama sherehe, chupa mkononi. Mmoja akapaza sauti, "Sie tumezima, Madam! Toka asubuhi tumezima!"

Watu wakacheka. Mwalimu Mkuu akatoa leso akajifuta kipara. Nilimwona anatazama kule kona, anatazama mdomo wa Madam, anatazama tena kule kona, na nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

"Kuna nini kule?" Bahiya akaniuliza.

Nikasimama. "Kule kuna darasa zuri kuliko yote hapa," nikasema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza. "Mmealikwa muione shule. Twendeni niwaonyeshe shule."

Madam Noela akaniita jina langu lote. Sikugeuka. Wanadamu tunapenda kuona, hasa tukizuiwa. Hatukuwa tumefika nusu ya kiwanja na turubai lilikuwa limebaki na vitambaa vyake.

Nikafungua mlango. Watoto walituona, wakaacha kurukaruka, na sekunde hiyo hiyo mikono yote ikaanza. Niliwaeleza wageni wasiogope, watoto wanawapa majina. Katika lugha ya alama huwezi kumtamka mtu herufi moja moja kila saa. Unampa alama yake, na alama inatokana na kile ulichokiona kwake kwanza. Hawana unafiki. Mwalimu Mkuu ni mkono unaopangusa kipara. Mimi ni vidole vinavyovuta utepe wa kupimia shingoni.

Bupe alikuja mbele akamwangalia Bahiya, akagusa katikati ya meno yake kwa kidole. Bahiya akaelewa bila mkalimani, akacheka mpaka akajishika ubavu. "Mwanya! Mama yangu angefurahi, nimeurithi kwake." Huda akapewa vidole vinavyofumba na kufumbua, taa za viatu vyake, naye akaanza kuvirudia hapo hapo, akimfumbia na kumfumbulia kila mtu.

Madam Noela alikuwa ameshaingia, anatafuta namna ya kutugeuza. Bupe akamtazama toka juu mpaka chini, kisha akapeleka mikono kichwani na kushikashika nywele, kulia, kushoto, nyuma. Darasa zima likaitikia kwa ishara ile ile.

"Wamesema nini?" Madam akauliza.

Mwalimu Romani hajui kudanganya, ndiyo maana hajapandishwa cheo. "Wamekupa jina, Madam. Kwao ni heshima. Wewe ni Anayeshikashika Wigi."

Walicheka wageni, wakacheka walimu wenzake, akacheka na Mwalimu Mkuu kabla hajajikumbuka. Mimi nilicheka kuliko wote na wala sikujificha.

Kisha Bahiya akauliza swali ambalo mtu mwenye duka lazima aulize: "Sasa hiyo English watasomea chumba gani?"

Kicheko kikakatika. "Humu humu," nikajibu. "Na hawa wanatolewa."

"Wanapelekwa mahali panapowafaa," Madam Noela akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nilisubiri. Nilidhani angalau mtu mmoja, baada ya kucheka na watoto wale, angesema neno. Waliangalia vigae. Waliangalia feni. Baba mmoja akasema chumba kweli kizuri. Halafu wakarudi kwenye soda zao, na Bahiya akamshika Huda mkono akaondoka bila hata kuniaga. Iliniuma kuliko maneno ya Madam. Madam alikuwa adui yangu, sikutegemea kitu kwake; wale wengine niliwafungulia mlango mwenyewe.

Mpango wa kwanza ulikuwa watoto wahamishwe taratibu, baada ya Pasaka, na darasa la English lianze hapo. Lakini mtu akishachekwa mbele za watu hana subira. Jumatatu ya kufungua shule tulikuta mlango wa kitengo una kufuli jipya, linang'aa. Madawati ndani, ngoma ndani, vitabu ndani.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Hii nini?" nikauliza.

"Marahaba." Hakunitazama. "Mama Bupe, mie nimeagizwa. Muwarudishe kwanza nyumbani, maelekezo yatafuata."

Nikawatazama wazazi wenzangu. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kumfunga mwanawe mkoba vizuri kwa safari ya kurudi. Bupe alinivuta sketi, akaniuliza kwa mikono kwa nini mlango umefungwa, wamekosa nini. Wamekosa nini! Sijui kama umewahi kuulizwa swali hilo na mtoto wako mwenyewe. Nikawageukia wenzangu.

"Hakuna anayerudi nyumbani," nikasema. "Mtoto akirudi leo, harudi tena hapa."

Kuna sehemu moja pale shuleni ambayo huwezi kuikwepa: kile kiwanja cha sementi mbele ya mlingoti wa bendera, katikati ya geti na ofisi. Kila mzazi anayekuja kuandikisha mtoto darasa la kwanza lazima apite hapo. Nikavua khanga yangu ya pili nikaitandika. Wenzangu wakatandika zao. Watoto wakakaa. Mwalimu Romani alisimama pembeni kwanza, anatetemeka mikono, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ni sawa na kushikwa na kigugumizi. Kisha akatoa chaki mfukoni, akapiga magoti, akaanza kuandika hesabu kwenye sementi yenyewe, kubwa kubwa.

Wazazi wapya walianza kuingia. Iliwabidi wapite pembeni ya darasa letu, wanyanyue miguu wasikanyage namba. Foleni ya kuandikisha ikajipanga kutuzunguka.

Madam Noela alifika jua likiwa limepanda. "Mnafanya maigizo?"

"Hapana, Madam. Tunasoma."

"Mnaitia shule aibu mbele za wageni!"

"Mficha uchi hazai," nikamjibu. "Shule ndo hii. Ulisema wakaribishwe, sisi tumewakaribisha."

Akamgeukia Mwalimu Mkuu, akamwamuru afungue geti la nyuma ili wazazi wapitie huko. Mwalimu Erasmus alisimama pale pale. Hakusema hapana. Alitazama chini, kwenye zile namba za chaki, kama mtu anayezikagua, na miguu yake haikuondoka. Kwa mzee anayesubiri kustaafu, nadhani ndiyo ilikuwa kelele yake yote.

Ndipo Bahiya akaingia getini na Huda ndani ya sare mpya, ambayo, niseme tu, sikuishona mimi. Nikageuza uso. Nilikuwa bado nina kinyongo. Huda akamwona Bupe, akainua mkono akafumba na kufumbua vidole kujitambulisha, na Bupe akamjibu. Mama yake akasimama anatazama kufuli kule mbali, anatazama watoto chini.

"Madam, shikamoo," Bahiya akasema kwa adabu zote. "Nimekuja kumwandikisha huyu kwenye English. Chumba ndo kile chenye kufuli?"

"Ndiyo, mama. Kinasafishwa tu, wataingia kesho."

"Basi siandikishi. Juzi niliondoka hapa nikalala na hili jambo, silipendi. Sie tulivunjiwa nyumba Kipawa, tukaambiwa hivyo hivyo, mtapelekwa panapowafaa. Mwanangu hatakalia kiti cha mtoto aliyefukuzwa. Tafuteni chumba kingine. Hawa wakirudi ndani, na mie naandikisha."

Akakunja baibui lake, akakaa chini kwenye khanga yangu, akampakata Huda. Harufu ya udi ikanifikia. Nikasogea kumpa nafasi.

Foleni ilisimama, kwa sababu alikuwa amekaa hapo hapo foleni inapopita na hakuna aliyetaka kumruka mtu mzima aliyekaa chini. Usidhani watu wote walishikwa na huruma. Nyuma kule walianza kulalamika. "Sie tunachelewaga kazini kwa ajili ya vitu kama hivi!" "Jua kali, wafungulieni wale watoto tuendelee!" "Madam, si uwape chumba chao jamani!" Mmoja akasema ni uonevu. Mwingine alisema ni upuuzi. Lakini wote walikuwa wanataka mlango ufunguliwe, na kelele zao zikawa moja.

Madam Noela alishikashika nywele. Kulia, kushoto, nyuma. Watoto wa darasa zima walimwona, wakageukiana wakitabasamu, wakajizuia. Akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Mwalimu Mkuu bila kumtazama.

"Wafungulie. Mengine tutaongea ofisini."

Mwalimu Erasmus alikwenda mwenyewe, karibu anakimbia. Tulisikia kufuli linaachia na mlango unalia. Akarudi anahema, jasho linamtiririka, akaniambia, "Mama Bupe, tayari. Waingie, waingie haraka, wageni wapite."

Watoto hawakusikia kufuli wala yeye. Walikuwa wamemzunguka Bupe, ambaye Mwalimu Romani alikuwa amempa chaki. Amepiga magoti juani, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anajumlisha hesabu ndefu inayoanzia kwenye viatu vya Madam Noela na kwenda mpaka kwenye mlingoti.

"Mama Bupe, si umesikia? Pamefunguliwa."

"Nimesikia, Mwalimu Mkuu," nikamwambia. "Ngojeni kidogo. Mtoto hajamaliza."

Na walingoja. Mwalimu Mkuu na ufunguo wake, foleni nzima na harakaharaka zake, Madam Noela akiwa amesogeza mguu ili namba ipite. Bupe hakumwangalia yeyote. Alibeba mbili, akaandika jibu, akalikagua tangu mwanzo, akakuta amekosea sehemu, akafuta kwa kiganja, akaanza upya.